Masoko na Mitaa ya Maduka ya Rotterdam: Kumbukumbu za Safari ya Septemba

Mtu akisema anakwenda Uholanzi kutazama maduka, wengi humwelekeza Amsterdam. Mimi nilichagua Rotterdam, kwanza kwa sababu mdogo wangu anaishi huko na mumewe, na pili kwa sababu ya kazi yangu. Ninauza vitambaa Kariakoo, na tangu soko letu kuu liungue Julai 2021 nimekuwa na hamu ya kuuona mji ambao biashara yake iliwahi kuteketea ikajengwa upya. Ndege za Ujerumani ziliipiga Rotterdam mabomu tarehe 14 Mei 1940, na moto uliofuata uliangamiza karibu kitovu chote cha mji, maduka na maghala yakiwemo. Haya ninayoyaandika nimeyakusanya baada ya kurejea Dar es Salaam, kutoka kwenye daftari, risiti na picha za simu.

Kwa anayepanga kwenda: ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ilipandishwa hadi euro 90 Juni 2024, na ada ya wakala anayepokea maombi huongezwa juu yake. Katika hesabu zangu zote nilichukua euro 1 kuwa shilingi 3,000, kiwango kilichokuwa karibu sana na cha benki wakati huo.

Ijumaa, 13 Septemba

Ndege ya usiku ilitua Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, asubuhi, lakini sanduku langu lilitokeza kwenye mkanda wa mizigo wakati abiria wengi niliosafiri nao walikwisha kuondoka. Kituo cha treni kiko chini ya uwanja wenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya teksi. Kuna treni ya haraka inayofika Rotterdam kwa muda usiofika nusu saa, ambayo hutozwa nyongeza ya karibu euro 3, na kuna ya kawaida inayopitia Leiden na Den Haag kwa muda wa karibu saa moja. Niliyoikusudia ilifutwa dakika chache kabla ya kuondoka. Tangazo lilisomwa kwa Kiholanzi, umati wote ukaanza kukimbilia jukwaa jingine, nami nikabaki nimesimama na masanduku mawili. Binti mmoja mwenye mkoba wa shule alirudi nyuma, akanieleza kwa Kiingereza kilichotokea, akalishika sanduku kubwa bila kuniuliza, tukaipata treni ya kawaida pamoja. Aliposhuka Leiden alinikumbusha kwamba nikifika mwisho wa safari ni lazima niguse tena mashine kwa kadi, la sivyo nitakatwa fedha zaidi ya nauli.

Jambo hilo linafaa kuelezwa vizuri. Kadi ya kawaida ya benki inayolipa kwa kugusa inatosha kwa treni, metro, tramu na basi kote nchini, mradi uiguse kwenye mashine unapopanda na unaposhuka. Ulizia benki yako kabla ya kuondoka iwapo kadi yako inakubali malipo ya nje. Nauli yangu ya kutoka Schiphol ilikuwa karibu euro 15.

Nililala mchana kutwa. Jioni mdogo wangu alinitoa, kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku ambayo maduka ya katikati ya mji hubaki wazi hadi saa tatu usiku. Siku nyingine nyingi hufungwa mapema, na Mwafrika aliyezoea kununua kitu saa mbili usiku hujikuta mbele ya milango iliyofungwa. Tulipita Koopgoot, mtaa wa maduka uliochimbwa chini ya barabara kuu ya Coolsingel na kufunguliwa mwaka 1996. Mteremko wake umeungana na kituo cha metro cha Beurs, hivyo mtu anayeshuka metro hujikuta amekwisha kuingia katikati ya maduka. Bidhaa zenyewe hazikunishangaza. Gauni la pamba liliandikwa euro 25, na lebo yake ilionesha kwamba limeshonwa Bangladesh.

Jumamosi, 14 Septemba

Hii ndiyo siku niliyoisafiria. Soko la Binnenrotte hufanyika Jumanne na Jumamosi, katika uwanja mrefu unaoanzia karibu na kanisa la kale la Laurenskerk na kufika kituo cha Blaak. Hadi mwaka 1993 treni zilikuwa zikipita hapo juu ya daraja refu la chuma. Zilipohamishiwa kwenye handaki, daraja likabomolewa na mji ukapata uwanja mpana kabisa katikati yake. Usiku uwanja ni mtupu. Alfajiri magari huingia, mahema hufungwa, meza hupangwa kwa safu, na kufikia saa tatu asubuhi mamia ya wauzaji wamekwisha kuanza kunadi.

Tulifika saa nne. Upande mmoja ni mboga na matunda, mbele yake samaki, kisha jibini, maua, vitambaa, viatu, vipuri vya baiskeli, vifuniko vya simu na nguo kuukuu zilizorundikwa juu ya meza kama mitumba yetu. Matunda hayapimwi yote kwa kilo. Mengi huwekwa katika mabakuli ya plastiki, kila bakuli bei yake, nawe ukilichagua muuzaji hulimimina zima katika mfuko. Maembe manne yalikuwa euro 2, pilipili hoho za rangi tatu euro 1. Mnunuzi hapaswi kubonyezabonyeza matunda. Muuzaji ndiye anayeshika, na mama mmoja aliyekuwa mbele yetu aliyejaribu kuchagua parachichi mwenyewe alikatazwa kwa sauti iliyosikika meza tatu mbele.

Nilikaa muda mrefu zaidi kwenye vitambaa, kama ilivyotarajiwa. Muuzaji mmoja mwenye asili ya Kituruki alikuwa na pamba nzuri ya mashuka, upana wa mita 2.40, akiiuza euro 6 kwa mita. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba mimi pia nauza vitambaa, kwamba nitachukua mita 10, na kwamba 4 ndiyo bei ya mtu na mwenzake. Alicheka, akaupangusa mkono wake wa kushoto, akanionesha saa. Nilidhani ananifukuza. Mdogo wangu akanieleza kwamba anamaanisha nirudi jioni.

Tulikula wakati wa kusubiri. Kuna samaki wanaoitwa kibbeling, vipande vya minofu vilivyochovywa katika unga wa majimaji na kukaangwa mbele yako, pamoja na mchuzi mzito wa vitunguu saumu. Sahani ilikuwa euro 7 na ilitutosha wawili. Heringi, ambaye huliwa bila kupikwa na kunyunyiziwa vitunguu maji vilivyokatwakatwa, nilimwonja kwa heshima ya wenyeji. Nyama yake ni laini na yenye chumvi, lakini mtu aliyekulia Bagamoyo samaki humtaka aliyepita motoni. Stroopwafel ya moto, mikate miwili myembamba iliyobanwa pamoja kwa shira nzito, ilikuwa euro 3, na hiyo niliirudia.

Choo ni suala la kupangwa. Vingi hulipiwa senti 50 hadi euro 1, na baadhi havipokei noti. Nilipokwama mlangoni, bibi mmoja wa Kiholanzi aliyekuwa na kitoroli cha sokoni alinilipia, akakataa katakata kurudishiwa, kisha akaniambia kwa kidole nirudi kwenye safu ya mwisho ya mboga saa kumi na nusu.

Saa kumi na nusu nilielewa. Wauzaji wa matunda huanza kupaza sauti kuliko asubuhi, mabakuli mawili huwa kwa euro 1, kisha matatu, na mwishoni kreti nzima ya nyanya zilizoiva sana ilikuwa ikitolewa kwa euro 2 kwa yeyote mwenye nguvu za kuibeba. Muuzaji wangu wa Kituruki alinikumbuka. Pamba ileile ilikuwa sasa euro 4, na vipande vya mwisho vya majora, visivyofika mita 2 kila kimoja, alivitupa juu ya mzigo wangu bila kuvihesabu. Kwetu bei hushushwa kwa maneno. Kule Binnenrotte hushushwa na saa. Sijui kama ningeweza kuendesha biashara yangu kwa mtindo huo, maana mteja wa Kariakoo angejifunza haraka na asingefika kabla ya jioni, lakini kwa mboga zinazooza mantiki yake haina shaka.

Beba mfuko wako mwenyewe. Tangu Januari 2016 maduka ya Uholanzi yamekatazwa kutoa mifuko ya plastiki bure. Beba pia sarafu na noti ndogo. Wauzaji wengi sokoni hupokea kadi, lakini noti ya euro 100 hutazamwa kwa shaka popote.

Jumapili, 15 Septemba

Jumapili maduka ya katikati hufunguliwa saa sita mchana. Tulikwenda Lijnbaan tukiwa tumeshiba.

Lijnbaan ni mtaa ambao wanafunzi wa usanifu majengo husafiri kuja kuuona, na nadhani wafanyabiashara nao wangepaswa kufanya hivyo. Baada ya moto wa 1940 wenye maduka waliuza kwa miaka mingi katika vibanda vya muda. Badala ya kuwarudishia barabara za zamani, wasanifu Jo van den Broek na Jaap Bakema walichora mtaa usioingia gari hata moja, wenye maduka ya ghorofa mbili yanayotazamana na baraza zinazomkinga mnunuzi na mvua kutoka duka moja hadi jingine. Ulifunguliwa mwaka 1953, wakati miji mingi ya Ulaya ilikuwa bado ikiyakaribisha magari mbele ya maduka yake, na tangu 2010 unalindwa kama urithi wa taifa.

Kilichonivutia zaidi hakiko mbele. Mzunguke nyuma ya maduka utakuta barabara ya huduma, ambako malori hushusha mizigo kwenye milango ya maghala bila mnunuzi kuona lolote. Mtu aliyewahi kusimama mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, saa sita mchana, mkokoteni umembana kulia, kirikuu kinapiga honi kushoto na mchukuzi mwenye jora kichwani anampigia kelele apishe, atanielewa kwa nini nilisimama hapo muda mrefu kuliko mbele ya madirisha. Shemeji alidhani nimechoka, akanitafutia benchi.

Bidhaa za Lijnbaan, kwa upande mwingine, ni zilezile za kampuni kubwa zinazopatikana katika kila mji wa Ulaya, na sikununua kitu.

Jumatatu, 16 Septemba

Usipange kununua Jumatatu asubuhi; maduka mengi hufunguliwa karibu saa sita mchana. Nilifua, nikaandika, kisha nikaenda peke yangu West-Kruiskade, mtaa ulio umbali mfupi kwa miguu kutoka kituo kikuu cha treni.

Huu ndio mtaa wa vyakula vya watu waliotoka mbali. Wachina wako hapo, na Wasuriname pia, ambao wengi wao walihamia Uholanzi katika miaka ya kuzunguka uhuru wa nchi yao, uliopatikana tarehe 25 Novemba 1975. Kwa kuwa mababu wa Wasuriname walitoka Afrika, India na Java, maduka yao huuza kwa pamoja vitu ambavyo kwetu vingehitaji mitaa mitatu: mihogo, magimbi, ndizi za kupika, bamia, maharage marefu ya kijani, dengu, bizari, samaki wakavu na pilipili za manjano ziitwazo Madame Jeanette, ambazo ni kali kupita kiasi. Ndizi za kupika zilikuwa ghali kuliko za sokoni, karibu euro 3 kwa kilo. Kati ya maduka ya vyakula kuna sonara na vinyozi, na karibu kila mlango una mtu aliyesimama akizungumza na mtu mwingine.

Niliingia katika mgahawa mdogo nikaagiza roti ya kuku. Ililetwa sahani yenye kuku wa mchuzi wa bizari, viazi, maharage marefu, yai la kuchemsha na chapati kubwa iliyokunjwa, yenye unga wa dengu katikati ya matabaka yake. Nilimwuliza mama mwenye mgahawa kama nyama ni halali, akanijibu kwamba ni halali na kwamba wateja wake wengi huuliza swali hilo kabla ya kuketi. Aliponiona ninakula kwa mkono bila kutafuta uma, aliniletea kipande cha pili cha chapati na bakabana, yaani ndizi mbivu iliyochovywa katika unga na kukaangwa, pamoja na mchuzi wa karanga. Risiti ilionesha roti peke yake, euro 12. Nilipomwonesha kwamba amesahau kuandika ndizi, alisema hakusahau.

Rotterdam ina chakula chake pia, kapsalon: chipsi, nyama ya shawarma, jibini iliyoyeyushwa na kachumbari juu yake, katika sinia ndogo la foili. Kilianzia katika duka moja la shawarma upande wa Delfshaven mwaka 2003, kwa maagizo ya kinyozi mwenye asili ya Cape Verde aliyetaka vyote alivyovipenda viwekwe pamoja. Shemeji alinunua kimoja usiku, tukakila watu watatu, na bado kilibaki.

Jumanne, 17 Septemba

Nilirudi Binnenrotte kuchukua mita nyingine za pamba kwa ajili ya mteja aliyenipigia simu kutoka Dar, nikaikuta siku ya Jumanne imepoa kuliko Jumamosi. Baadaye nikaingia Markthal, jengo lililo pembeni ya soko hilohilo.

Markthal ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2014 na Malkia Máxima. Ni tao kubwa lenye kimo cha karibu mita 40, ambalo kuta zake ni fleti 228 za watu kuishi. Baadhi zina madirisha yanayotazama chini kwenye vibanda, hivyo mtu anaweza kuona bei ya samaki akiwa jikoni kwake. Upande wa ndani wa tao wote umefunikwa kwa mchoro wa matunda, mboga, samaki na maua wenye ukubwa wa karibu mita za mraba 11,000. Picha zangu zote za ndani zimekatwa shingo, kwa maana hakuna pembe inayoutosha.

Kama soko, hata hivyo, sikuridhika nalo. Vibanda vingi huuza chakula cha kuliwa papo hapo kwa watalii, na jibini niliyoiona nje ilikuwa nafuu kwa zaidi ya theluthi. Ingia utazame juu, kaa kama umechoka, kisha utoke ukanunue nje, ambako ndiko wakazi wenyewe wanakojaza vitoroli vyao.

Chupa za plastiki usizitupe. Ndogo hulipiwa dhamana ya senti 15 na kubwa senti 25, na mashine zilizo ndani ya supamaketi huzirudisha fedha hizo kwa karatasi unayoitumia kwenye kaunta. Mdogo wangu hulipia mkate kwa chupa.

Jumatano, 18 Septemba

Tramu ya kwenda kusini huvuka mto Nieuwe Maas juu ya Erasmusbrug, daraja jeupe la mwaka 1996. Ng'ambo kuna mtaa wa Afrikaanderwijk, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa bandari wakati Waholanzi walipokuwa na huruma kubwa kwa Makaburu waliopigana na Waingereza. Ndiyo maana nilijikuta, mwanamke wa Tanzania, nikitembea kando ya Pretorialaan na Paul Krugerstraat, mitaa ambayo leo wakazi wake wengi wana asili ya Uturuki, Moroko, Suriname na Afrika.

Soko lao hufanyika Jumatano na Jumamosi kwenye uwanja wa Afrikaanderplein. Ni dogo kuliko Binnenrotte, nami nililipenda zaidi. Bei za mboga ziko chini, na wauzaji wana muda wa mazungumzo. Hapa ndipo nilipokuta vitenge. Meza mbili zilikuwa na vitambaa vya nta vya yadi 6 kwa euro 25 hadi 30, ambavyo nilivitambua mara moja kuwa ni vile vinavyotoka viwanda vya Asia. Kimoja kilifanana na mzigo ulioko stoo kwangu. Cha Kiholanzi chenyewe, chenye maandishi ya Vlisco kwenye pindo, kilikuwa kimekunjwa ndani ya sanduku chini ya meza, na bei yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya hiyo. Kiwanda hicho kilianzishwa Helmond mwaka 1846, na viwanda vya Uholanzi viliwahi pia kuchapa kanga kwa ajili ya Zanzibar na mwambao wetu. Nilivishika vyote viwili, kimoja kila mkono. Tofauti iko kwenye uzito wa pamba na jinsi rangi ilivyopenya hadi upande wa nyuma, na mnunuzi wangu wa Kariakoo angeijua pia, ila asingeilipia. Nilinunua kimoja tu cha Helmond, kwa ajili ya mama.

Nilikuwa nikimwambia mdogo wangu kwa sauti ya chini kwamba kotmiri ya pale ni mbichi kuliko ya Jumamosi, mwenye meza akanijibu kwa Kiswahili: "Imekuja leo asubuhi, mama. Wewe ni wa Mombasa ama Dar?" Alikuwa Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, na tulizungumza hadi foleni ikaundika nyuma yetu. Alinieleza kwamba nafasi za soko hutolewa kwa kibali na manispaa, kwamba asiye na nafasi ya kudumu hufika alfajiri kungoja apangiwe meza ya mtu ambaye hakufika, na kwamba anayeacha takataka hutozwa faini. Nilipotoa pochi alisukuma mkono wangu. "Hiyo chukua tu. Ukifika Dar unisalimie jua."

Alhamisi, 19 Septemba

Schiphol inafaa kufikiwa muda wa saa nne kabla ya ndege kuondoka ikiwa umenunua vitu vya thamani. Msafiri anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 21 kwa bidhaa nyingi, iwapo ametumia angalau euro 50 katika duka moja lenye huduma hiyo na ameomba fomu wakati wa kulipa. Bidhaa hizo huoneshwa forodhani pamoja na fomu na risiti, kwa hiyo usizifungie kwenye sanduku linalokwenda moja kwa moja kwenye mizigo. Foleni yangu ilichukua karibu saa moja. Pamba ya sokoni haikuwemo, kwa sababu wauzaji wa mezani hawatoi fomu. Viatu na mashine ndogo ya kudarizi nilivyonunua dukani vilikubaliwa. Fedha ziliingia katika akaunti baada ya majuma matatu, zikiwa zimepunguzwa kwa ada ya kampuni inayoshughulikia marejesho, na kilichobaki kilitosha kulipia uzito uliozidi kwenye sanduku la pamba.